Je, Ni Dhambi Kuifurahia Bastola?



Kuna maswali ya maadili tuliyoyazoea mpaka jibu linatoka kabla swali halijaisha. Hili la leo si la aina hiyo. Limetoka kwa kijana Mkatoliki wa miaka 29 anayeishi Texas, Marekani, ninakosoma teolojia kwa sasa. Tunaimba naye sauti ya nne kwenye kwaya ya Misa ya Kiswahili. Aliniuliza hivi: "Frateri, mimi nina bastola tangu nikiwa na miaka 21, na sijawahi kujiuliza chochote. Sasa nimenunua rivolva, na hii naifurahia kweli. Niambie, kuifurahia namna hii ni dhambi?"

Litazame swali vizuri. Hakuuliza kama kumiliki bastola ni dhambi, wala kama kumpiga mtu risasi ni dhambi. Ameuliza kuhusu furaha. Kwa nini kitu ambacho kwa miaka minane kilikuwa chombo tu, kama spana kwenye boksi la vifaa, sasa kimekuwa kitu cha kukisubiria Jumamosi? Na je, mtu anayesali Rozari kwa mkono uleule anaruhusiwa kufurahi hivyo?

Najua wengi wenu mnaosoma hapa mko Mwanza, Kitui, Bukavu au Dar, na huenda hamtashika bastola maisha yenu yote. Kwetu Tanzania silaha ni ya leseni na inapitia polisi, basi. Lakini msiondoke. Swali la furaha ni letu sote, na bastola inalifanya lionekane wazi kuliko vitu vingi.

Kwanza tuijue yenyewe

Huwezi kuhukumu usichokijua, kwa hiyo nivumilieni kidogo kwa mambo ya vyuma.

Bastola nyingi za leo ni semi-otomatiki. Risasi zinapangwa ndani ya magazini, na magazini inaingia kwenye mshikio. Ukivuta kifyatulio, risasi moja inatoka, na nguvu ya mlipuko uleule inarudisha chuma cha juu nyuma, inatupa ganda tupu nje, halafu inapakia risasi nyingine. Wewe kazi yako ni kuvuta tena. Glock 17 ya Austria, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, inabeba risasi 17 kwenye magazini moja. Rafiki yangu alianzia kwenye bastola za jamii hiyo.

Rivolva ni mama mkubwa wa ukoo. Mmarekani Samuel Colt alipata hataza yake nchini kwao mwaka 1836. Haina magazini. Ina silinda yenye matundu, mara nyingi matano au sita, na silinda inazunguka tundu moja kila unapofyatua. Haitupi ganda. Ukishapiga sita, maganda sita yanabaki humohumo, na unayatoa wewe kwa mkono kabla ya kupakia tena.

Aliyoinunua ni Smith & Wesson Modeli 10, ya mtumba, yenye mshikio wa mbao uliosuguliwa na mikono ya watu asiowajua. Aina hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1899. Kwa miongo mingi ndiyo ilikuwa kiunoni mwa askari polisi wa Marekani, mpaka semi-otomatiki zilipoichukua nafasi yake hasa katika miaka ya 1980 na 1990. Uzito wake ni karibu kilo moja. Kwa hesabu ya kawaida ni hatua ya kurudi nyuma: risasi chache zaidi, kupakia polepole zaidi, kifyatulio kizito zaidi.

Na yeye anasema ndicho anachokipenda.

Kanisa linasema nini kuhusu kuwa nayo

Hapa sitakaa sana, maana mengi mmeshayasikia kwenye mafundisho. Amri ya tano inasimama. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2263 hadi 2265, inafundisha kwamba kujilinda na kuwalinda wengine ni halali, na kwa mwenye dhamana ya maisha ya wengine inaweza hata kuwa wajibu. Mafundisho hayo yanamtegemea Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeeleza kwamba tendo moja linaweza kuwa na matokeo mawili: kuokoa uhai wako, na kifo cha aliyekushambulia. Unachokusudia ni lile la kwanza. Na ukitumia nguvu kuliko inavyohitajika, hata kujilinda kunaharibika.

Wanaopenda silaha watakunukulia Luka 22:36, Yesu anapowaambia wanafunzi wanunue upanga. Wasiozipenda watakunukulia Mathayo 26:52, anapomwamuru yule mfuasi arudishe upanga mahali pake. Wote wawili wakumbuke kwamba ni usiku uleule mmoja, na kwamba panga mbili tu zilipotolewa Bwana alisema zinatosha. Maaskofu wa Marekani nao, kupitia kamati yao, walitoa tamko dhidi ya balaa la bastola tangu mwaka 1975, na mpaka leo wanaomba udhibiti wenye busara. Kwa hiyo Mkatoliki wa Texas akimiliki bastola kihalali hatendi dhambi kwa kumiliki tu, lakini pia asidhani Kanisa limempigia makofi.

Mimi mwenyewe sishiki. Sheria ya shirikisho ya Marekani kwa kawaida haimruhusu mgeni mwenye viza ya muda, kama ya mwanafunzi, kuwa na silaha ya moto, ukiacha vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Na Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 138, iliwakataza makleri kubeba silaha isipokuwa pale penye sababu ya haki ya kuogopa. Kwa hiyo uwanja wa shabaha naujua kama mtazamaji, masikio yamefunikwa, nyuma ya mstari.

Furaha haijitegemei

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe. Wengi wetu tumelelewa tukiitilia shaka furaha. Kitu kikiwa kitamu, lazima kuna shetani pembeni, si ndiyo? Lakini wazee wa falsafa hawakusema hivyo.

Aristotle, katika kitabu cha kumi cha Maadili ya Nikomako, anaeleza kwamba furaha inakuja kulikamilisha tendo. Haisimami peke yake. Tendo jema lina furaha njema, tendo baya lina furaha mbaya. Mtakatifu Tomaso anaifuata njia hiyohiyo: huwezi kuiweka furaha yote kwenye gunia moja ukaiita nzuri au mbaya, lazima kwanza uulize ni furaha *ya nini*. Mama anayefurahi mtoto akila na jirani anayefurahi mtoto wa mwenzie akifeli, wote wawili wanatabasamu. Tabasamu haliwezi kukuambia kitu. Ukitaka kujua, uliza wanafurahia nini.

Kwa hiyo nilimjibu rafiki yangu kwa swali: "Kaka, hebu niambie, unafurahia nini hasa pale?" Tuliongea karibu saa mbili. Nilivyomsikiliza, niliona kwamba ndani ya neno moja "naifurahia" kuna furaha tatu, na hazina tabia moja.

Furaha ya kwanza: kitu kilichotengenezwa vizuri

Anapenda jinsi silinda inavyofunga kwa mlio mdogo, kila tundu likikaa sawasawa nyuma ya mtutu. Anapenda mbao na chuma. Anapenda kwamba anaweza kuifungua na kuona kila kitu kwa macho: kuna risasi au hakuna, ni ngapi, zimekaa wapi.

Furaha hii tunaijua. Ndiyo ya mtu anayesimama mbele ya mlango wa Zanzibar wa kuchongwa, au anayemwangalia fundi wa mitumbwi ya Ziwa Tanganyika akiunganisha mbao mpaka maji yakose pa kupita. Akili ya mwanadamu inapokitii kitu, ikakipima, ikakipatia, kuna wema pale, na wema huo una chimbuko kwa Muumba mwenyewe aliyeumba kwa hekima.

Lakini nilimbana kidogo. Uzuri wa chombo haujitengi na kazi yake. Kisu kizuri ni kisu kinachokata vizuri. Rivolva hii ni nzuri kwa sababu inafanya vizuri kile ilichotengenezewa, na haikutengenezewa karatasi za shabaha. Ilipoanza mwaka 1899 kiwanda kiliiita kwa jina la jeshi na polisi. Imetengenezwa ili, pakilazimika, mtu aliye mbele yake asimame. Ukisema unaipenda kama saa ya mezani, umejidanganya. Unaweza kuipenda kazi ya fundi, ndiyo, ila uipende ukijua ni kazi ya namna gani.

Alikubali. Akanyamaza kidogo, akakubali.

Furaha ya pili: ustadi

Ya pili ilinishangaza. Akiwa na semi-otomatiki, anasema, alikuwa akimaliza magazini tatu kwa dakika chache, karatasi imejaa matundu, anarudi nyumbani hakumbuki hata moja. Kwa rivolva, boksi moja la risasi 50 linamtosha asubuhi nzima.

Sababu ni ya kimekanika kabisa. Usipoivuta nyundo nyuma kwanza kwa kidole gumba, kifyatulio cha rivolva ni kirefu na kizito, karibu mara mbili ya bastola aliyoizoea. Safari ile ya kidole ni ndefu kiasi kwamba kila kosa lako linaonekana: mkono ukitetemeka, mtutu unatetemeka, ukiwa na haraka, risasi inakwenda chini kushoto. Hakuna risasi 17 za kufichia uzembe. Zipo sita. Halafu unasimama, unafungua, unatoa maganda sita yenye joto, unayaweka kwenye kopo, unapakia moja moja. Anasema katika dakika ile ya kupakia ndipo alipoanza kuitazama karatasi na kujiuliza: hii ya tatu ilikwenda wapi, na kwa nini?

Mtakatifu Tomaso anafundisha kwamba roho nayo inachoka kama mwili, na mapumziko yake ni mchezo. Kuna hata fadhila ya kucheza kwa kiasi, na asiyejua kucheza kabisa ana kasoro. Sioni sababu ya kuuondoa mchezo wa shabaha kwenye orodha hiyo. Upo kwenye Olimpiki tangu ile ya Athens ya mwaka 1896. Mtu anayejifunza kupumua, kungoja, kukubali kosa lake na kulirekebisha anafanya zoezi ambalo hata sisi seminarini tunalitafuta kwa njia nyingine. Nilimwambia furaha hii ni safi, na ashukuru kwa ajili yake.

Ila upole wa chombo si upole wa mtu. Kuna wanaozungumza kama kwamba rivolva ni ya waungwana na semi-otomatiki ni ya wahuni. Jamani, chuma hakina fadhila. Risasi sita zinatosha kuangamiza familia. Kama umekuwa mtulivu zaidi, utulivu huo uko ndani yako au haupo.

Furaha ya tatu: ile isiyotajwa

Sasa fungueni Mwanzo, sura ya nne. Aya ya 22 inamtaja Tubalkaini, mfua vyuma, fundi wa shaba na chuma. Aya ya 23 inayofuata ni baba yake, Lameki, akiwaimbia wake zake wawili kwamba ameua mtu kwa kumjeruhi tu, na kwamba kisasi chake kinazidi kile cha Kaini mara nyingi mno.

Nimesoma aya hizo mara nyingi bila kuziweka pamoja. Fundi na mwenye majivuno wako nyumba moja. Maandiko hayamlaumu Tubalkaini kwa ustadi wake. Yanaueleza ufundi wake, halafu hapohapo yanatusikilizisha wimbo wa baba. Na ni wimbo, tazama! Lameki anafurahi.

Hiyo ndiyo furaha ya tatu: kujisikia mkubwa kwa sababu mwingine anaweza kuwa mdogo mbele yako. Mtakatifu Augustino aliiita tamaa ya kutawala, na akaiona kwenye mizizi ya dola la dunia. Bastola inaweza kuiamsha hata kwa mtu mpole. Unatembea barabarani, mtu anakukatiza na gari, na ndani yako sauti inasema: angejua ninacho nini kiunoni. Hujafanya kitu. Hakuna aliyeona. Lakini umeonja wimbo wa Lameki, na ulikuwa mtamu.

Ugumu ni kwamba furaha hizi tatu zinakuja kwa mkono mmoja, kwa sauti moja, kwa dakika moja. Hazina vibandiko. Utazitenganishaje? Mimi sina kipimo cha maabara, ila nilimpa maswali manne.

Moja: unapolenga, kichwani mwako pana nini? Duara la karatasi, au sura ya mtu? Na kama ni sura, ni ya nani?

Mbili: tangu uinunue, umekuwa mwepesi wa kugombana au mzito? Mtu mwenye silaha ana wajibu wa kuwa wa kwanza kuomba radhi na wa kwanza kuondoka. Kama silaha imekuongezea mdomo, haikulindi tena.

Tatu: unaweza kuiacha? Augustino anatofautisha kitu cha kutumia na kitu cha kupumzikia moyo, na mwisho wa yote moyo unapumzika kwa Mungu peke yake. Ukiambiwa leo uiuze, utasikitika, sawa, wewe ni binadamu. Lakini utapungukiwa na kitu, au utapungukiwa na *wewe*?

Nne: kuna mtu ambaye furaha yako haiwezi kumtazama usoni?

Kwenye la nne akaniambia habari za mama yake.

Upande wa pili wa mtutu

Mama ni mtu wa Uvira. Mwaka 1996 vita vilipofika pale alivuka Ziwa Tanganyika usiku, ndani ya mtumbwi uliojaa watu, na huyu rafiki yangu akiwa mgongoni, mtoto wa miezi michache. Walifika Kigoma, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Huko akakulia mpaka familia ilipochukuliwa kwenda Marekani. Wako waliobaki Uvira ambao mama hakuwaona tena.

Jumapili moja kijana alipeleka rivolva nyumbani kwa mama, akakaa mezani kuisafisha, kitambaa na chupa ya mafuta pembeni. Mama alisimama mlangoni akamtazama muda mrefu. Akasema kwa Kiswahili chake cha kule: "Sisi tulikimbiaka hii kitu, leo wewe unaipaka mafuta?" Akaenda jikoni. Hawakuliongea tena. Sasa mnaelewa swali lilitoka wapi.

Nilipolitafakari, kwanza nilifikiri la Mtakatifu Paulo kwa Wakorintho, sura ya nane: nyama iliyotolewa kwa sanamu ni halali kuila, lakini kama inamwangusha ndugu mwenye dhamiri dhaifu, iache. Jibu lilikuwa tayari: usiisafishe mbele ya mama, basi.

Lakini hilo halitoshi, na si haki kwa mama. Yeye hana dhamiri dhaifu. Yeye ni shahidi. Kijana anaijua silaha kutoka upande wa mshikio: mbao, uzito, ustadi, kopo la maganda. Mama anaijua kutoka upande wa mbele. Yote mawili ni maarifa ya kweli kuhusu kitu kimoja. Na sisi tuliosoma falsafa tunadai kwamba furaha njema lazima ikae pamoja na ukweli. Basi furaha ambayo inaweza kuishi tu kama mama atakuwa jikoni na mlango umefungwa, hiyo bado haijaujua ukweli wote wa kile inachokifurahia.

Sikumwambia auze. Sina mamlaka hayo, na sidhani ndilo jibu. Nilimwambia: "Kaka, nenda kamwulize mama habari za usiku ule wa ziwa. Umewahi kumwuliza?" Hakuwahi, miaka 29. Alikwenda. Mama alisimulia mpaka saa saba za usiku. Aliyosikia ni yake na mama yake, hayaandikwi hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba rivolva bado anayo, Jumamosi nyingine anakwenda, na haingii nayo nyumba ya mama. Anasema bado anaifurahia, ila sasa anaifurahia kimyakimya, na zile video za majigambo alizokuwa akizitazama zimemchosha. Mama hajaipenda. Hana wajibu wa kuipenda.

Jambo moja zito kabla ya kumaliza

Tukiongelea silaha tunamfikiria jambazi. Lakini takwimu za serikali ya Marekani kwa mwaka 2021 zinaonyesha watu 48,830 waliokufa kwa silaha za moto, na kati yao 26,328 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu! Mtu anayewezekana zaidi kufa kwa bastola ya nyumbani mara nyingi si mwizi.

Na hapa unyofu wa rivolva, ule ninaosifiwa kila siku, unageuka. Nyingi hazina kitufe cha usalama. Ziko tayari muda wote. Kijana aliye mbali na kwao, kazi za usiku, baridi, hakuna anayemwita kwa jina lake la nyumbani, usiku mmoja mbaya unamtosha. Kwa hiyo nilimwambia rafiki yangu, na nawaambia wote mnaosoma mkiwa huko: isikae nje ya sefu. Ukiona moyo umeanza kuwa mzito, mpe mtu mwingine ufunguo, au mpe silaha yenyewe kwa njia halali, na usione aibu. Huo ni utekelezaji wa amri ya tano kama ulivyo kuacha kumchukia jirani. Na kama mawazo ya kujiua yanakujia, silaha iwepo isiwepo, ongea na mtu leo: padre, rafiki, daktari, mama. Ukiwa Marekani piga 988. Mungu hajakuchoka.

Basi, jibu

Hapana, si dhambi kufurahia kazi nzuri ya fundi, wala ustadi wa mkono uliotulia. Ndiyo, ni dhambi kufurahia kuwa na uhai wa mwingine mkononi, hata kama hujamgusa. Na kwa kuwa mbili hizo zinakaa nyumba moja kama Tubalkaini na Lameki, mwenye silaha anatakiwa kujihoji mara kwa mara, si mara moja tu siku ya kununua.

Wewe usiye na bastola, chukua maswali yaleyale manne uyapeleke kwenye kile unachokifurahia. Pikipiki yenye mwendo. Ulimi unaojua kuwachekesha watu kwa kumwumbua mmoja. Cheo kidogo kwenye kwaya au VIWAWA. Unafurahia ustadi, au unafurahia kwamba wengine wanakuogopa? Na ni nani anakijua kitu hicho kutoka upande wa mbele? Umewahi kumwuliza?

*Tusali.* Ee Bwana, uliyetupa mikono ya kutengeneza na akili ya kufurahia kazi ya mikono, utakase furaha zetu. Uondoe ndani yetu wimbo wa Lameki. Utupe masikio ya kuwasikiliza walioumia kwa vitu tunavyovipenda. Uwakumbuke wote waliovuka ziwa usiku, na wale ambao hawakufika ng'ambo. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Bikira Maria, Malkia wa Amani, utuombee.